Kwa nini kahawa ya Gayo hukobolewa ikiwa bado na maji, na mkulima hupata nini?

Je, wajua kwamba kahawa inayotoka nyanda za juu za Gayo, katika mkoa wa Aceh ulio kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, huvuliwa ganda lake gumu la ndani ikiwa bado na unyevu wa asilimia 30 hadi 40? Mkulima wa kahawa ya arabika wa Kilimanjaro au Nyeri atashangaa, kwa kuwa kwake punje hukaushwa zikiwa ndani ya ganda hilo mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 11 au 12, ndipo zipelekwe kiwandani kukobolewa. Gayo hufanya kinyume, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya haja ya fedha taslimu. Anayetaka kuelewa ni nini kinachopunguza kipato cha mkulima wa huko, na ni nini kingekiongeza, hana budi kuanzia kwenye unyevu huo.

Mibuni ya Gayo hustawi zaidi kwenye mwinuko wa mita 1,200 hadi 1,600, kuzunguka ziwa Laut Tawar na mji wa Takengon, katika wilaya za Aceh Tengah, Bener Meriah na Gayo Lues. Zao hili lilienezwa huko enzi za ukoloni wa Waholanzi, na leo karibu lote liko mikononi mwa familia zenye shamba la hekta moja hivi. Wakati wa vita kati ya serikali na wapiganaji waliodai uhuru wa Aceh, wengi walilazimika kuyaacha mashamba yao, na uzalishaji ukaanza kutengemaa baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005.

Eneo hilo lipo karibu na ikweta, na kilele cha mavuno huangukia miezi ya mvua. Matunda yaliyochumwa asubuhi humenywa siku hiyo hiyo kwa mashine ndogo iliyopo nyumbani au kwa jirani. Punje, zikiwa zimefunikwa na utelezi, huachwa usiku kucha zichachuke, huoshwa asubuhi, kisha huanikwa kwa saa chache, na kabla hazijakauka huwa zimekwisha kupimwa uzito na kulipiwa na mfanyabiashara. Kuzikausha kabisa zikiwa na ganda lake kungehitaji wiki mbili au tatu za kuanika na kuanua kila wingu linapotanda, pamoja na uwanja ambao familia nyingi hazina. Kiwanda kikiondoa ganda mapema, punje tupu hukauka kwa siku chache tu. Hutoka na rangi ya kijani inayoelekea buluu, na kinywaji chake huwa kizito chenye uchachu mdogo, ladha ambayo wanunuzi wa Marekani na Ulaya huitafuta kwa makusudi. Ndiyo maana siafikiani na ushauri wa kuwataka wakulima wa Gayo waiache njia hii na kuiga Afrika Mashariki. Tatizo ni jinsi maji yanavyouzwa pamoja na kahawa bila kupimwa.

Tuchukue kilo 100 za kahawa yenye ganda. Kama unyevu ni asilimia 40, kitu kikavu ndani yake ni kilo 60. Tukikadiria kwamba ganda ni sehemu moja ya tano ya kitu hicho, punje zenyewe ni kilo 48, na zikiuzwa nje zikiwa na unyevu wa asilimia 12 huwa kilo 54 na nusu. Kama unyevu ulikuwa asilimia 50, hesabu hiyo hiyo huishia kwenye kilo 45 na nusu. Tofauti ya kilo 9 katika kila kilo 100 ni kubwa mno kwa mfanyabiashara kuibeba, na kwa kuwa hana kipimo anachokiamini, hujilinda kwa kumlipa kila mtu kana kwamba kahawa yake ndiyo yenye maji mengi zaidi. Kwa hiyo mama aliyeanika kahawa yake siku nzima hulipwa bei ile ile ya jirani aliyeileta ikichuruzika, na msimu unaofuata hana sababu ya kuanika tena.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayeuza matunda yasiyomenywa. Matunda hupimwa kwa ujazo, kwa kibaba cha lita mbili kiitwacho bambu, na kibaba hakibagui tunda jekundu na la kijani. Anayechagua mabivu peke yake hurudi kwenye mti ule ule mara kadhaa, hulipa vibarua zaidi, na mwisho wa siku hapati ziada yoyote. Huku kiwandani punje changa na zilizolowa kupita kiasi hupasuka ncha mfano wa kwato ya mbuzi zinapokobolewa, nazo huondolewa kama takataka. Hasara hiyo hukatwa katika bei ya shambani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuongeza faida ni nafuu: kipima unyevu kinachomilikiwa na kikundi, na bei inayopanda kadiri maji yanavyopungua. Ya pili ni chanja za kuanikia zilizoezekwa kwa plastiki angavu, ambazo huwawezesha wakulima kadhaa kuushusha unyevu hata mvua ikinyesha. Hapa ndipo vyama vya ushirika vinapokuwa na maana. Gayo ina vingi, baadhi vikiwa na cheti cha biashara ya haki (Fairtrade) na cha kilimo hai, kimojawapo kikiwa Kokowagayo cha Bener Meriah, chenye wanachama wanawake watupu. Tangu Agosti 2023, bei ya chini kabisa ya biashara ya haki kwa arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, pamoja na senti 40 kwa kahawa ya kilimo hai na senti 20 za mfuko wa pamoja wa wanachama. Jina Gayo nalo linalindwa kisheria nchini Indonesia tangu 2010 na katika Umoja wa Ulaya tangu 2017, ingawa ulinzi huo humfaa mkulima pale tu chama chake kinapoweza kuthibitisha kahawa ilitoka shamba gani.

Shambani kwenyewe, mavuno mara nyingi hayafiki tani moja ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa, kwa hekta, na kupogoa matawi yaliyochoka huyaongeza bila gharama kubwa ya pembejeo. Miti ya lamtoro hutoa kivuli na hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Mimi naipa uzito zaidi pilipili, parachichi na machungwa yanayopandwa kando au kati ya mibuni, kwa sababu huleta fedha miezi ambayo kahawa haipo. Familia yenye fedha hizo haikopi kwa mnunuzi, na isiyodaiwa naye huweza kusubiri kahawa ikauke.

Kusubiri huko kunahitaji pia mtaji. Indonesia ina sheria ya mwaka 2006 inayofanana na mfumo wa stakabadhi ghalani wa Tanzania: mkulima au chama huweka kahawa kavu ghalani, hupewa hati, na kwa hati hiyo hukopa benki wakati akingoja bei. Lakini ghala halipokei kahawa yenye maji, hivyo bila chanja na kipimo mfumo huo humpita mkulima mdogo. Bei ya arabika katika soko la New York ilipopita dola 4 kwa ratili mwanzoni mwa 2025, ile bei ya chini ya biashara ya haki haikuwa tena kivutio kwa mwanachama, na anayelipa taslimu mlangoni alikuwa na nguvu kuliko chama kinacholipa baada ya wiki kadhaa. Chama kinachotaka kahawa ya wanachama wake kinahitaji kuwa na fedha mkononi kabla ya uchumaji kuanza mwezi wa Oktoba, na mikopo ya wanunuzi wa nje inayotolewa kabla ya mavuno ndiyo njia ya kuaminika zaidi ya kuzipata.