Stika ya sura yake

Binti wa kidato cha pili kasinzia tuisheni, mdomo wazi. Mwenzake kampiga picha, na kufikia jioni sura ile ni stika kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Mtu akiuliza kazi ya Hesabu ya kesho, anajibiwa kwa stika.

"Si utani tu? Hata sisi tulitaniwa." Wazazi wengi hutuambia hivyo sisi washauri ofisini. Lakini utani wa enzi zetu uliishia kengele ya kutokea ikilia. Huu unaingia naye hadi ndani ya chandarua. Saa nane usiku bado anafungua simu kuangalia nani wameshaiona, na nani kaongeza nyingine.

Athari huanza kuonekana mwilini: usingizi unapotea, tumbo linauma kila Jumapili jioni, halafu Jumatatu hataki shule. Zahanati hawaoni ugonjwa. Baadaye huja wasiwasi na sonona, na kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru. Akitamka neno kama "bora nisingekuwepo", usingoje kesho kumtafutia msaada.

Kwa wenzake anaanza kujitenga. Netiboli anaacha, na kila anayecheka pembeni anadhani anachekwa yeye. Wengi wanaokuja kwetu hawamtaji sana aliyetengeneza stika. Wanamtaja rafiki wa dawati moja aliyeiona akanyamaza.

Kwa nini hasemi nyumbani? Anajua atakachojibiwa: "Lete hiyo simu." Kwake hiyo ni adhabu ya pili, tena kwa kosa la mwingine. (Na simu ataipata tu, ya kuazima.)

Kwa hiyo msikilize kwanza. Msifute kitu kabla ya kupiga skrinishoti zinazoonyesha tarehe na namba iliyotuma. Kisha mfuateni mwalimu wa malezi, naye awaite wazazi wa pande zote mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23 kinachokataza unyanyasaji wa mtandaoni, inataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Binafsi sipendi kuanzia huko mkosaji akiwa naye ni mtoto. Mara nyingi ukimchimba unakuta kwao anatukanwa kila siku.

Mtoto akishindwa kuzungumza na wewe, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Mpe simu aipige mwenyewe, wewe toka nje ya chumba.