Kuchomoa teminali ya betri gari ikiwa inaunguruma sio kipimo, jamani

Nimeletewa tena Peugeot 504, betri imevimba tumbo, asidi imemwagika mpaka imekula rangi na bati linaonekana, halafu mwenye gari ananiambia kwa uhakika kabisa kwamba alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri, ni nzima maana walichomoa teminali na gari haikuzima. Karibu kila mwenye gari ya zamani anayekuja na betri inayochemka huja na maneno hayohayo. Leo tulimalize.

Dhana: ukichomoa teminali injini ikiwa inawaka na gari isizime, chaji iko sawa

Gari kutozima kunakwambia kitu kimoja tu, kwamba alteneta inatoa umeme. Volti ngapi, hujui. Na shida yako wewe sio chaji ndogo, ni chaji iliyozidi, kwa hiyo alteneta inayosukuma volti 16 itafaulu hicho kipimo bila wasiwasi wowote, gari itaunguruma vizuri tu na wewe utarudi nyumbani umefurahi huku betri inaendelea kupikwa.

Halafu hasara yake. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari, ukiitoa ghafla volti zinaruka, na kama alteneta ilikuwa inatoa mzigo mkubwa zinaweza kupita 60, daiodi zilizo ndani ya alteneta zinakufa, redio inakufa, na wengi siku hizi mmetoa pointi za kuwashia plagi mkaweka ignisheni ya elektroniki, nayo inakwenda. Enzi za dainamo, iliyokuwepo kabla ya alteneta, watu walichomoa kwa sababu dainamo haina daiodi za kuungua, tabia ikabaki, magari yakabadilika.

Kibaya zaidi ni cheche. Betri inayoovachaji inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inaweza kulipuka. Wewe unachomoa teminali, cheche inaruka, uso wako uko juu ya betri. Asidi machoni sio kitu cha kusimulia. Ukisikia harufu ya mayai viza au ukiona betri inatokota, zima injini, fungua boneti, ondoka hapo kwanza mpaka ipoe na gesi itoke, usiguse teminali yoyote, na sigara iwe mbali.

Kipimo ni multimita, kifaa cha kupima volti, hata ile ya bei rahisi inatosha. Vaa miwani, vua pete na saa ya chuma, weka multimita kwenye DC 20. Gari ikiwa imelala usiku kucha betri nzima ya volti 12 inasoma kama 12.6. Washa injini, isome 13.8 mpaka 14.4 hivi. Piga resi kidogo, ikisimama hapohapo basi reguleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za alteneta, inafanya kazi, ila ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga mafuta na ikavuka 15, zima, umeshapata jibu.

Lakini usikimbilie kununua reguleta! Hapa ndipo nawaomba sana, angalieni ethi kwanza, yaani muunganiko wa umeme na bodi ya gari. Kwenye gari zenye reguleta ya nje, reguleta inapima volti kwa kulinganisha na bodi yake yenyewe, na ikiwa imefungwa juu ya kutu au rangi mpya inaona volti pungufu kuliko zilizopo, kwa hiyo inaiamrisha alteneta iongeze. Injini ikiwaka na taa kubwa zimewashwa, gusa waya mmoja wa multimita kwenye bodi ya reguleta na mwingine kwenye negativu ya betri. Ikizidi volti 0.2, fungua bolti, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, pima upya. Msasa wa shilingi chache unamaliza kazi ambayo mtu alishataka kununulia alteneta nzima.

Kama ethi ni safi, zima injini, chomoa kwenye reguleta waya wa fildi, ule unaoendesha sumaku ya alteneta, washa tena. Chaji ikikata, reguleta ndiyo mbovu. Ikiendelea kuchaji, huo waya umegusana mahali njiani, ufuate.

Dhana: betri ndiyo mbovu, nunua nyingine

Utanunua na mpya nayo itachemka, maana aliyeichemsha bado yupo. Inawezekana kweli seli moja ikawa imeshoti, ila hiyo unaijua, ikipumzika inasoma 10.5 hivi badala ya 12.6.

Dhana: maji yakipungua ongeza asidi

Hapana, hapana. Kinachoondoka ni maji, asidi inabaki humohumo. Ongeza maji ya betri (distilled water), basi. Ukiongeza asidi, itakula pleti za ndani ya betri.

Dhana: taa nyekundu ya betri haiwaki, kwa hiyo hakuna tatizo

Kwenye gari hizi hiyo taa inawaka alteneta isipochaji. Ikichaji kupita kiasi inakaa kimya.

Dhana: alteneta ya ampia nyingi ndiyo inachemsha betri

Betri inavuta ampia inazohitaji, volti zikiwa sahihi hata alteneta kubwa haiidhuru.

Dhana: negativu ndiyo ethi siku zote

Gari nyingi za Uingereza za zamani, zikiwemo Land Rover za mwanzo, pozitivu ndiyo iko kwenye bodi. Fuata kwa macho waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi kabla hujashika spana, na ukikuta ni pozitivu geuza waya za multimita, na alteneta ya kisasa usiifunge hapo kabla ya kugeuza mfumo mzima wa umeme wa hiyo gari.