Kitabu cha msomaji anayeanza ni kitabu gani?

Vitabu vya picha vya watoto mara nyingi huwekwa rafu moja, ingawa kazi zake ni mbili tofauti. Kuna kile ambacho mtu mzima humsomea mtoto aliyempakata. Hicho kinaweza kuwa na maneno magumu, kwa kuwa mtoto anasikiliza tu. Kitabu cha msomaji anayeanza ni kingine: hapa mtoto anasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, na kila neno lililochapishwa ni mzigo wake.

Chukua hadithi ya familia katika siku ya joto kali la kiangazi. Ukurasa wa kwanza: “Jua ni kali. Baba ana joto. Mama ana joto. Dada ana joto.” Ukurasa wa pili: “Paka je?” Picha inamwonyesha paka amejinyoosha ndani ya beseni tupu, mvunguni mwa meza. Maneno yameuliza, picha imejibu. Kama maandishi yangesema “Paka yumo ndani ya beseni”, mtoto angetazama picha akasema hayo bila kugusa herufi hata moja, na huko si kusoma. Kurudia “ana joto” nako kuna sababu: mara ya kwanza mtoto huunganisha silabi, a-na jo-to; mara ya tatu jicho limeshazoea.

Siku ya joto inafaa sana kwa kitabu cha namna hii. Joto halihitaji kuelezwa, mtoto analijua kwa ngozi yake. Tena siku moja ina mpangilio wake tayari: asubuhi, mchana, jioni.

Mwaka 1957, nchini Marekani, mwandishi wa vitabu vya watoto Dr. Seuss alitoa The Cat in the Hat, kitabu kizima kilichoandikwa kwa maneno 236 tu tofauti. Kwa Kiingereza kuhesabu maneno kuna maana, kwani tahajia yake haifuati matamshi kila mara. Kwa Kiswahili kipimo hicho hakitoshi. Silabi zetu husomeka zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyezijua hutamka hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kinachomchosha ni urefu. “Hawajatufungulia” ni neno moja, lakini ni sentensi nzima yenye silabi nane, na akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Ndiyo maana naamini mwandishi wetu ahesabu silabi kabla ya kuhesabu maneno. “Wanajimwagia maji” iwe “Maji! Maji baridi!”

Lipo neno moja ambalo hadithi ya joto haiwezi kulikwepa: “kunywa”, lenye herufi tatu za konsonanti zilizosongamana. Lisifichwe. Liwekwe peke yake katika ukurasa wake, kwa herufi kubwa, kisha lirudi kila mwanafamilia anaposhika kikombe: baba anywa, mama anywa, dada anywa, na mwishowe paka naye anywa.