"Digrii moja tu, Injinia": dhana potofu kuhusu joto na upepo wa mjini

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Tulikuwa kwenye kiwanja nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa saba mchana, na mbele yetu miti miwili mikubwa ya mikungu ambayo ramani inataka ikatwe ili zipatikane nafasi tatu za kuegesha gari. Ripoti yangu ya vipimo ilikuwa mkononi mwa mwenye mradi. Akaweka kidole kwenye safu ya kwanza ya jedwali: hewa ya juani digrii 32, hewa ya chini ya mti digrii 31. "Digrii moja tu, Injinia! Kwa digrii moja nipoteze gari tatu?" Safu nyingine hakuzigusa. Na maneno hayo aliyasema akiwa chini ya mkungu, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu, fundi wala dereva, aliyekuwa tayari kusimama nje ya kivuli.

Dhana hii nimeisikia kwa wenye hoteli, kwa wachoraji ramani, hata kwa watu wenye shahada za ujenzi. Imeshakata miti mingi Unguja, kwa hiyo nitakaa nayo kuliko nyingine.

"Kivuli hakipunguzi joto, kipimajoto kinaonyesha"

Digrii unazoziona kwenye simu ni joto la hewa peke yake. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kibanda cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, mita moja na robo hadi mbili juu ya majani, jua lisikifikie kabisa. Wataalamu wa hali ya hewa wamefanya hivyo makusudi, na wana haki, maana wanataka namba inayoweza kulinganishwa Kisauni ya hapa Unguja, Chake Chake na Nairobi. Lakini mtu anayetoka sokoni Darajani na mfuko wa samaki hatembei ndani ya kibanda. Namba ya simu imeondolewa kile hasa kinachomuunguza.

Tofauti ya hewa ya juani na ya kivulini ni ndogo kwa sababu hewa haikai pahala pamoja. Inaingia chini ya mti, inatoka, inachanganyika. Mti mmoja hauwezi kuipoza hewa ya mtaa mzima, na sijawahi kumwahidi mtu hivyo. Kazi ya mti ni kulizuia jua. Mchana wa anga safi, jua letu linamwaga karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba, wakati mwili wa mtu aliyekaa kimya unazalisha kiasi cha wati 100 tu. Juu ya hilo ongeza sakafu ya pevingi iliyopigwa na jua tangu asubuhi, ukuta wa saruji, na bodi za gari zilizopangwa safu. Vyote hivyo vinarusha joto moja kwa moja kwenye ngozi yako, na hewa iliyo katikati hubaki karibu vilevile. Huo ndio mnururisho, na kipimajoto cha kibandani hakiujui.

Sisi tunaupima kwa tufe: mpira wa shaba mtupu ndani, wenye kipenyo cha milimita 150, umepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na katikati yake kuna kipimajoto. Unauweka kwenye kigoda cha miguu mitatu, mita 1.1 kutoka chini, usawa wa kati wa mwili wa mtu aliyesimama, halafu unasubiri kama dakika 20 mpaka utulie. Wengine tunatumia mpira mdogo wa tenisi ya meza uliopakwa kijivu, ambao unatulia haraka zaidi. Namba ya tufe nayo isichukuliwe ilivyo, maana upepo unalipoza. Lazima upime papo hapo joto la hewa na kasi ya upepo, kisha upige hesabu. Wenye fedha nyingi wanatumia vihisi vinavyotazama pande sita, juu, chini na pande nne.

Ukishapiga hesabu hiyo, tofauti ya joto la mnururisho kati ya juani na chini ya mti wenye majani mazito huwa digrii 20 hadi 30. Hiyo ndiyo safu ya tatu ya jedwali langu, ile ambayo mwenye mradi hakuitazama.

Wanaodhani haya ni mambo ya kitabuni nawaeleza habari ya kipimo kinachoitwa WBGT, namba moja inayoonyesha mzigo wa joto juu ya mwili. Kilitengenezwa Marekani miaka ya 1950 kwa sababu askari wanafunzi walikuwa wakianguka kwa joto mazoezini. Ndani yake, asilimia 70 ya uzito inakwenda kwenye kipimajoto chenye utambi uliolowa, ambacho kinahisi unyevu na upepo pamoja, asilimia 20 kwenye tufe, na joto la hewa, hilo la kwenye simu, linapewa asilimia 10 tu. FIFA imewahi kutumia kipimo hikihiki kuamua lini wachezaji wapumzishwe wanywe maji, na kizingiti chake kilikuwa digrii 32 za kipimo hicho, si za hewa. Ikiwa mpira wenyewe haukuamuliwa kwa digrii za hewa, sioni kwa nini uwanja wa wazee na watoto uamuliwe kwa hizo.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji wetu wanalisahau. Tuko digrii 6 kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, Disemba linakaa upande wa kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, linapita utosini. Siku hizo, karibu saa sita na nusu, ukuta hauna kivuli. Nimeona michoro ya kiwanja cha mapumziko inayotegemea kivuli cha jengo la ghorofa, imechorwa kwa jua la Juni. Mwezi wa Machi, wakati msimu wa upepo wa kaskazi unakwisha na jasho halikauki, mabenchi yote yatakuwa juani. Kwa miezi hiyo unahitaji kitu cha juu ya kichwa: tawi, dari, makuti.

"Nimeweka kipimajoto juani kikasoma 44"

Kimesoma joto la plastiki yake. Kipimajoto cheusi na cheupe vikiwekwa juani pamoja vitatoa majibu mawili, na hakuna hata kimoja kilicho joto la hewa. Kile cha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa ni hivyohivyo.

Na ile bunduki ya mwanga mwekundu inayoelekezwa kwenye lami inasoma joto la uso wa lami. Ni chombo kizuri, ninacho, lakini hakuna mtu anayelala juu ya lami. Usichukue digrii 55 za pevingi ukaandika kwamba mtaa una digrii 55.

"Uwanja wa ndege wamesema upepo ni kilomita 25 kwa saa, hapa tutapata hewa"

Upepo unaotangazwa hupimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Wewe unakaa chini ya mita 2, katikati ya nyumba. Mjini, usawa huo, mara nyingi unabaki nusu yake au pungufu. Ndiyo maana mtu wa Paje, pwani ya mashariki, na mtu wa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, wanaweza kuzungumzia siku moja ya kusi, upepo wa kutoka kusini mashariki, kana kwamba wako nchi mbili: Paje upepo unatoka moja kwa moja baharini, Mji Mkongwe unafika ukiwa umeshakwaruza kisiwa kizima na mapaa ya mitaa ya Ng'ambo. Pima pale pale mtu atakapokaa, kwa usawa wa mtu, na upime wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Kipimo cha Agosti pekee hakikwambii lolote kuhusu Februari.

Kuna na kosa la upande wa pili. Siku hizi zinaletwa ripoti za wataalamu wa nje zinazosema kasi ya mita 5 kwa sekunde inamsumbua anayekaa, basi wajenge ukuta wa kuzuia upepo. Kiwango hicho kimo katika kanuni ya Uholanzi ya mwaka 2006, na kwao kina maana, watu wa baridi. Ngozi ya mtu ina digrii 33 hadi 35. Maadamu hewa iko chini ya hapo, na kwetu siku za kawaida iko chini, kila pumzi ya upepo inakupoza na kukausha jasho. Kumjengea mtu wa bustani ya Forodhani ukuta wa kumkinga na upepo wa jioni ni kumdhulumu. Jambo la kuliogopa kweli ni kona za majengo marefu, ambako upepo unaogonga juu unateremka na kukimbia chini. Kanuni hiyohiyo inaweka hatari kwenye mita 15 kwa sekunde, na hapo nakubaliana nayo moja kwa moja, maana bibi mwenye buibui anaweza kuangushwa.

"Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya moto kwa sababu ni vyembamba"

Mchana ni kinyume chake. Njia ya mita 2 au 3 kati ya kuta za ghorofa mbili tatu inapata jua kwa muda mfupi tu, na kuta zile nene za mawe na chokaa zinachelewa kupata moto. Watu wa baraza wanalijua hili bila chombo: asubuhi wanakaa upande huu, alasiri wanahamia ule. Usiku ndipo uchochoro unapokuwa na deni, kwa sababu kuta zinarudisha joto polepole na anga la kutolea joto hilo ni jembamba. Kwa hiyo mchana pita vichochoroni, na jua likizama nenda ufukweni. Anayetaka kupanua njia "hewa ipite" anaongeza jua kwanza, na upepo huenda asiupate.

"Pevingi nyeupe inapoza"

Paa jeupe, ndiyo, lipake kesho. Chini ni habari nyingine. Los Angeles walipaka barabara rangi ya kurudisha jua, na watafiti walipopima, uso wa barabara ulikuwa wa baridi zaidi kwa digrii kadhaa, lakini mtembea kwa miguu mchana alipata mnururisho mkubwa zaidi, maana jua lililorudishwa lilimpiga yeye.

"Tutaweka feni za ukungu"

Kwa unyevu wetu maji hayakauki upesi. Mtalowa.

"Banda la bati ni kivuli pia"

Ni kivuli kinachowaka. Bati tupu la saa sita linapata moto mkali na kuurusha chini kwenye vichwa vya waliokaa, wakati jani la mti linatoa maji na kubaki karibu na joto la hewa. Kama lazima liwe bati, weka dari chini yake na uache nafasi ya upepo kati ya viwili hivyo. Mimi kila siku nashauri makuti, na kila siku naambiwa yanaoza. Yanaoza, ndiyo, na yanabadilishwa, na mtu aliyekaa chini yake hapigwi na moto wa bati.

Mikungu ile miwili bado imesimama. Jumatatu narudi pale na matufe mawili, moja nitaliweka kivulini, jingine katikati ya kiwanja. Nimemwomba mwenye mradi aje saa sita na nusu, asimame nami kando ya hilo la pili mpaka litulie.