Je, wajua kwa nini kinyume cha "anika" si "usianike"?

Nikiwa darasa la nne hapa Dodoma, mwalimu aliandika fumbo ubaoni: "Funga kwa fungua ni sawa na anika kwa ____." Nikajaza "usianike". Nikapata kosa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilionewa.

Wengi bado tunachukua kukanusha kuwa ndiyo kinyume. Lakini hebu tazama. "Sikufunga mlango" haisemi lolote kuhusu mlango ulivyo. Pengine uko wazi tangu asubuhi, pengine mwenzangu kaufunga, pengine nyumba bado inajengwa na mlango wenyewe uko kwa fundi. "Nimefungua mlango" inabeba habari mbili kwa mpigo: ulikuwa umefungwa, na sasa uko wazi. Hata kwenye sifa za vitu ni hivyohivyo. Chai isiyo ya moto si lazima iwe baridi, maana yaweza kuwa vuguvugu. Ni maneno machache tu, kama hai na mfu, yasiyoacha nafasi katikati.

Vitenzi vya jozi hii vina jina lake katika sarufi: kauli ya kutendua. Kutendua ni kurudi kwa njia uliyoijia. Huwezi kurudi kutoka Kondoa kama hukwenda Kondoa. Nyumbani, mama alikuwa akitandaza majani ya mlenda juani, tena kwa vidole, jani lisilaliane na jani. Mwezi wa kumi na mbili wingu likijikusanya ghafla, alikuwa anaita neno moja tu: "Anueni!" Neno hilo lisingekuwa na kazi siku ambayo hakuna kilichoanikwa. Ndivyo pia tunavyosema upepo umeezua paa: lazima kuna mtu aliyeliezeka kwanza.

Kinachofanya kazi hiyo ni irabu moja, -u-. Katika funga inaongezwa tu: fungua. Kunja, kunjua, tega, tegua. Katika anika, kipande -ik- kinaondoka kwanza ndipo -u- ikae: anua. Vivyo hivyo funika na funua, bandika na bandua. Baada ya irabu o, -u- hugeuka -o-: chomeka, chomoa. Ajabu ni kwamba e haiigeuzi, ndiyo maana hatusemi "tegoa".

Zamani palikuwa na l hapo, ambayo Kiswahili kimeiangusha. Alama yake ipo bado: funga hutoa fungwa, lakini fungua hutoa funguliwa. Katika Kinyarwanda konsonanti hiyo ipo hadi leo kwa sura ya r: zinga ni kunja, zingura ni kunjua.

Kanuni hii haienei kila mahali. Kitendo kisichorudishika hakitenduliwi. Mwiba uliokuchoma unachomolewa, lakini nyama iliyochomwa haina njia ya kurudi kuwa mbichi, na lugha haikuipa neno. Maana nayo huamua jozi: tangazo lililobandikwa ukutani hubanduliwa, ila sufuria iliyobandikwa jikoni huipuliwa. Tena si kila -ua ni kutendua. Nunua na chukua hazirudishi chochote, na kamua haipingi kama, kitenzi cha zamani cha kubana. Inakizidishia nguvu tu.

Nilipoyaelewa haya niliutazama upya ufunguo wa nyumba yetu. Unafunga na kufungua kwa usawa kila siku, lakini jina lake limetoka kwenye fungua peke yake.