Maka kwenye trela la faiba: anza na spiriti, msasa uje mwisho

Matrela mengi ya kulala safarini ninayoletewa hapa Minnesota, Marekani, kuondolewa maka, yaani wino wa kalamu zisizofutika, huja na madhara mawili: wino wenyewe, na mikwaruzo ya aliyejaribu kuutoa. Wino kwa kawaida hautusumbui sana. Mikwaruzo ndiyo inayokula muda wangu na pesa ya mwenye trela. Mtoto amechora ubavuni, mzazi amekimbilia stilwuli au poda ya kusugulia masufuria, amesugua mpaka jasho linamtoka, na sasa mchoro umefifia kidogo huku umezungukwa na duara kubwa lililopoteza mng'ao. Duara hilo linaonekana kutoka mbali kuliko mchoro. Juzi mama mmoja wa Kenya alinipigia: "Fundi, hii kitu imekataa kabisa kutoka." Nikamwambia, "Mama, kabla hujagusa tena, niambie umeshatumia nini." Ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayepiga, maana jibu lake ndilo linaloniambia kazi ni ya nusu saa au ya siku nzima.

Lazima uujue ukuta kabla ya kuuhangaikia wino. Yale matrela madogo ya mviringo, kama Boler iliyobuniwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, na Scamp zinazotengenezwa hapa jimboni, mjini Backus, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huundwa ndani ya kalibu. Ray Olecko, aliyebuni Boler, alikuwa amekwisha kutengeneza tangi la maji taka la faiba kabla ya kufikiria trela, na teknolojia ni ile ile. Kwanza hupuliziwa jelkoti ndani ya kalibu, yaani resini ya poliesta (gundi ya plastiki inayoganda) iliyotiwa rangi. Juu yake hufuata nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini. Kitu kikitolewa kwenye kalibu, ile jelkoti iliyotangulia ndiyo inayokuwa uso wa nje. Unene wake ni kama nusu milimita tu, na chini yake hakuna akiba. Ukiimaliza kwa kusugua unakutana na nyuzi. Boti za faiba za Mombasa na Zanzibar nazo zimejengwa hivyo hivyo, kwa hiyo mwenye boti naye haya yanamhusu.

Sasa, jelkoti yenye afya na iliyopakwa waksi imefunga, wino unabaki juu yake. Jelkoti iliyopigwa jua miaka mingi bila waksi huwa imeliwa na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho, na wino huteremka humo. Kuijua ni rahisi. Pitisha kitambaa cheusi kikavu ukutani. Kikitoka na unga mweupe, jua limeshafanya kazi yake. Au nyunyiza maji: yakisimama vitone vitone, waksi bado ipo; yakitambaa na kuenea, haipo. Fanya hivi kabla ya kufungua chupa yoyote, kwa sababu doa la maka kwenye ukuta wa unga si sawa na doa lile lile kwenye ukuta unaong'aa, hata kama kalamu ni moja.

Wino wa maka ya kudumu una vitu vitatu: rangi, resini ya kuishikisha, na kimiminika cha kuvibeba vyote, ambacho mara nyingi ni alkoholi ya aina fulani. Alkoholi ikiruka, resini inaganda na kushika. Maji na sabuni haviiyeyushi resini hiyo, lakini osha kwanza hata hivyo, maana mchanga ulioko ukutani ukiusugua pamoja na kitambaa unakuwa msasa. Baada ya hapo mrudishie wino kile kilichomleta. Spiriti ya aisopropili ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, inafanya kazi. Ya 91 ina maji kidogo, kwa hiyo huyeyusha upesi zaidi.

Fanyia kazi kivulini. Ukuta uliochomwa na jua hukausha spiriti kabla haijagusa kitu. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, usimwagie ukuta, kisha kiweke juu ya alama na ukishikilie hapo kidogo bila kusugua. Utaona weusi unaanza kuachana: zambarau inatoka upande mmoja, buluu upande mwingine, na kitambaa kinakunywa. Hapo ndipo unapofuta, kutoka pembeni kuelekea katikati ya doa ili usilipanue, na kila ukifuta mara moja unageuza kitambaa upande safi. Hatua hii ya kugeuza kitambaa watu wengi huiruka. Kitambaa chenye wino uliokwisha kuyeyuka kinapaka wino upya, tena ukiwa mwepesi na wenye hamu ya kuingia kwenye vishimo. Tumia vitambaa vingi. Fulana ya zamani iliyokatwa vipande inatosha.

Naulizwa sana kuhusu ule ujanja wa kuandika juu ya doa kwa maka ya ubao mweupe kisha kufuta. Unasaidia, kwa kuwa maka ile nayo ina alkoholi pamoja na kitu kinachozuia wino usishike. Lakini ufanye kwenye jelkoti inayong'aa peke yake. Kwenye ukuta wa unga unaongeza rangi nyingine juu ya ile uliyokuwa nayo.

Spiriti ikishindwa, asetoni, kiyeyushi kikali kuliko spiriti. Jelkoti iliyokomaa inavumilia asetoni ya kufuta haraka, haivumilii kuloweshwa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini karibu na bampa. Ikiwa rangi ya ukuta inahamia kwenye kitambaa, basi trela hilo limepakwa rangi juu ya jelkoti, na asetoni itaitoa yote. Rudi kwenye spiriti, na kwa uangalifu. Madirisha mengi ya matrela ni plastiki ya akriliki, ambayo ikiguswa na asetoni hupata ukungu na nyufa ndogo ndogo zisizotibika. Taa, raba za milango na stika za ubavuni nazo uzifunike.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Friji ya trela inayotumia gesi ina mwali nyuma ya ule wavu wa nje, na hita ya maji nayo ina mwali wake. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na unashika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Zima friji, zima hita, funga gesi kwenye mtungi kabla ya kufungua kopo. Glavu za nitrili asetoni huzilainisha, basi zibadilishe mapema.

Ziko pia maka za rangi ya mafuta, zile zenye gololi ndani inayogonga ukizitikisa. Yadi za kuhifadhia matrela wakati wa baridi huzipenda kuandikia namba, na wenye matrela huja kwangu wakiwa wamekasirika, kwa haki kabisa. Wino huo una chembe za rangi, spiriti huupita bila kuujali. Unataka thina ya rangi ya mafuta: lowesha pamba, ibandike juu ya namba mpaka rangi ivimbe, kisha ukwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Kisu weka mbali.

Mara nyingi baada ya yote haya kunabaki kivuli cha zambarau. Hicho ni wino ulioteremka. Pamba iliyoloweshwa spiriti, ikafunikwa kwa nailoni na kubanwa kwa tepu dakika kumi, hukivuta kwa kiasi kikubwa, na unaweza kurudia. Kikibaki kidogo, mimi humshauri mwenye trela aliache juani wiki kadhaa za kiangazi. Rangi nyingi za maka hizi hazistahimili jua, na kusubiri hakuli hata unywele wa jelkoti. Asiye na subira, apake kompaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha, kwa mkono. Msasa wa maji, namba 2000 au laini zaidi, ni wa mwisho kabisa, na usiwe kwenye kona ambako jelkoti huwa nyembamba. Kwenye matrela ya kuta bapa, yaliyobandikwa karatasi ya faiba, usithubutu. Tabaka lao la juu ni jembamba mno. Ile sponji nyeupe ya melamini nayo, japo ni laini mkononi, ni msasa wa aina yake. Itatoa doa na mng'ao kwa pamoja.

Ukimaliza, paka waksi. Spiriti na asetoni zimeiondoa waksi yote pale ulipofuta, na sehemu hiyo sasa iko uchi mbele ya jua na kalamu inayofuata. Trela lote mimi hulipaka majira ya kuchipua na tena kabla ya theluji. Ukuta wa unga upigwe polishi kwanza.

Ndani ni habari nyingine. Kuta nyingi za ndani zimevikwa vinili, na vinili huinyonya rangi ya maka ikawa sehemu ya plastiki yenyewe. Ukiwahi siku hiyo hiyo, spiriti kidogo kwa kufuta haraka inaweza kukuokoa. Asetoni isiingie kabisa humo. Doa la miezi kwenye vinili sitozi pesa ya kulijaribu, kwa sababu najua halitoki. Namwambia mwenyewe abadilishe kipande hicho, au atundike kitu hapo.