Asilimia 15 Unguja, asilimia 18 Dar: mnunuzi anaokoa nini hasa?

Wengi wanaopanda boti kwenda Unguja kununua televisheni au friji huondoka Dar es Salaam na hesabu moja kichwani: huku kiwango cha kawaida cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, kule ni 15, basi nikinunua kule naokoa tatu kwa mia. Ni hesabu ya haraka, na imewagharimu watu bandarini.

Tuanze na namba zenyewe. Televisheni ambayo bei yake kabla ya kodi ni shilingi 1,000,000 itauzwa 1,180,000 Dar na 1,150,000 Unguja. Tofauti ni 30,000. Ukiilinganisha na bei ya Dar unayoikimbia, hiyo ni asilimia mbili na nusu, na nauli ya boti ya kwenda na kurudi hujaitoa. Kwa hiyo ukiona televisheni Darajani ni nafuu kuliko Kariakoo kwa laki mbili au tatu, ujue VAT haiwezi kuleta tofauti hiyo peke yake. Kuna jambo jingine, nitalifikia.

Kwanza, kwa nini nchi moja ina viwango viwili? Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na viwango vyake vinafuata makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ni vilevile ukiingizia mzigo Dar, Tanga au bandari ya Malindi, Unguja. VAT siyo jambo la Muungano. Bara ilianza kuitoza tarehe 1 Julai 1998 kwa asilimia 20, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani. Mwaka 2009 ikashushwa hadi 18. Sheria inayotumika sasa ni ya 2014, iliyoanza kazi Julai 2015. Zanzibar ina sheria yake ya VAT ya mwaka 1998. Mauzo ya ndani ya visiwa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyokuwa Bodi ya Mapato, ZRB. Forodha inabaki kwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, pande zote mbili.

Kodi ya mauzo ya zamani na VAT zinachanganywa sana, na humo ndimo malalamiko mengi ya kutozwa mara mbili yanamozaliwa. VAT hulipwa kipande kwa kipande njiani, na kila aliyesajiliwa hutoa alicholipa nyuma yake. Chukua mabeseni ya plastiki. Kiwanda cha Chang'ombe kinamuuzia mwenye duka la jumla Kariakoo mzigo wa 100,000 na kuongeza VAT 18,000. Mwenye duka anauuza kwa supamaketi ya Mbezi kwa 120,000 na VAT 21,600. Hapeleki TRA 21,600 yote. Anatoa 18,000 aliyokwisha kulipa kiwandani, anapeleka 3,600. Supamaketi inawauzia wananchi kwa jumla ya 150,000 na VAT 27,000, inatoa 21,600, inapeleka 5,400. Jumlisha 18,000, 3,600 na 5,400: ni 27,000, sawasawa na asilimia 18 ya bei ya mwisho. Aliyeibeba yote ni mama aliyenunua beseni. Wafanyabiashara wameishika tu njiani. Ndiyo maana risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti, ina uzito: bila risiti yenye namba ya usajili wa VAT ya muuzaji, aliye mbele hawezi kutoa alicholipa nyuma, na hapo kodi inalipwa juu ya kodi kwelikweli.

Sasa turudi baharini. VAT inafuata mahali bidhaa inapotumika. Shati ulilonunua Unguja ukalivaa hukohuko limeshamaliza kodi yake. Bidhaa iliyotoka nje ya nchi, ikaingilia Zanzibar, kisha ikavushwa kuja kutumika Bara, inatakiwa kulipiwa tofauti: kinachopaswa kulipwa Bara, kutoa kilicholipwa Zanzibar. Kwa televisheni yetu, tofauti ya VAT ni zile zile 30,000. Kiwango kidogo hakivuki na abiria.

Lakini abiria haoni 30,000. Mara nyingi anatajiwa fedha nyingi zaidi, naye anapiga kelele, na malalamiko hayo yamefika bungeni mara nyingi kama kero ya Muungano. Sababu kubwa ni thamani, wala si kiwango. Forodha haikokotoi kodi kwa bei uliyolipa dukani. Inakokotoa kwa thamani ya mzigo ulipoingia nchini. Tuseme televisheni ilithaminiwa 600,000 ilipoingilia Zanzibar, na hapa ikathaminiwa 900,000. Hata kama viwango vyote vingekuwa sawa, zile 300,000 za juu zingezaa ushuru, na VAT ikakokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Hiyo ndiyo tofauti ya laki unayoiona kati ya Darajani na Kariakoo, na ndiyo inayokufuata ukishuka boti. Maoni yangu ni kwamba abiria ana haki ya kuonyeshwa hesabu hii kwa maandishi, mstari kwa mstari, kabla ya kutoa fedha. Neno "lipia tofauti" peke yake halimfundishi mtu chochote, na linaacha nafasi ya kila mtu kudhani anaibiwa.

Biashara kati ya waliosajiliwa ni nyepesi zaidi. Mwenye kiwanda wa Bara anayemuuzia aliyesajiliwa VAT Zanzibar hutoza asilimia sifuri, na kodi inatozwa kule mzigo unakouzwa. Umeme unaovuka kwa nyaya za chini ya bahari kwenda shirika la umeme la Zanzibar nao uliwekewa kiwango cha sifuri mwaka 2019.

Sifuri hiyo isichanganywe na msamaha. Anayeuza kwa sifuri bado anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Anayeuza bidhaa zilizosamehewa, kama mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa, hatozi VAT lakini pia harudishiwi aliyolipa kwenye mizani, magunia au ukarabati wa ghala. Inajificha ndani ya bei ya mahindi.

Kuna punguzo jingine la VAT hapahapa Dar, na linaniumiza zaidi kuliko la baharini: bei mbili za dukani. "Bila risiti milioni, ukitaka risiti ongeza 18." Muuzaji aliyesajiliwa hana ruhusa ya kusema hivyo. Akipokea 1,000,000, sheria inahesabu kwamba VAT imo ndani, na ndani ya milioni moja imo 152,542, yaani 1,000,000 mara 18 gawa kwa 118. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua asilimia 18 ya bei yote na kupata 180,000. Na kama hajasajiliwa, hana mamlaka ya kutoza VAT hata shilingi moja. Tangu Julai 2023 kiwango cha lazima cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kutoka milioni 100. Kilipandishwa wiki chache baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga maduka Mei mwaka huo. Maduka mengi madogo yamebaki chini ya kiwango hicho, kwa hiyo anayekutajia VAT muombe cheti chake, au tazama VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, kwenye risiti na uihakiki katika mtandao wa TRA.

Ukikusudia kuvusha bidhaa kubwa kutoka Unguja, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama anaweza kukupa nakala ya kadhia ya forodha, yaani hati ya tamko iliyoingizia mzigo huo, pamoja na risiti ya ZRA yenye jina lako, aina na namba ya kifaa. Bila karatasi hizo, afisa wa Dar hana cha kutoa kwenye hesabu yake, na utalipa kana kwamba Zanzibar haikutoza kitu. Ukiona thamani waliyoiweka ni kubwa mno, omba hesabu kwa maandishi na weka pingamizi. Sheria inakupa haki hiyo, hata kwa friji moja.